Bruweti ya Ndoo Tisa

Kolwezi, tarehe 4 Machi 2024

Kwa Mama Kanku Kankolongo, Tenke

Mama Kanku,

Utashangaa kuona mwandiko huu. Ni mimi, Barnabé Kabemba, niliyekufundisha somo la Usimamizi wa Ujenzi pale taasisini Kolwezi. Sasa nina miaka sabini na tisa. Miguu imevimba, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi kwake. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu iko mikononi mwa binti yangu Rachelle, naye anasoma kila kinachotoka. Barua hii ataileta Gracien, dereva wa lori la chokaa. Jibu mpe yeye.

Nasikia una mafundi wako huko Tenke, na kwamba nyumba unazojenga hazipasuki. Nimefurahi.

Nina ombi dogo. Napanga karatasi zangu. Stany, aliyekuwa msaidizi wangu, ndiye anayefundisha somo langu siku hizi, na anataka kuchapa upya silabusi, kile kitabu cha somo ambacho kila mwanafunzi alilazimika kuwa nacho. Mwaka 2013 uliandika kazi ya vitendo juu ya kupima beto, yaani zege, kwa bruweti, toroli la gurudumu moja. Kama bado unayo, naomba nakala. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Wasalimu wa nyumbani.

Profesa Barnabé Kabemba


Tenke, tarehe 9 Machi 2024

Tata Profesa,

Barua yako imefika ikiwa na vumbi la chokaa. Niliisoma mara tatu nikitafuta ndani yake neno moja. Sikulipata.

Kwa ajili ya kumbukumbu, unasema. Basi tukumbuke wote wawili.

Silabusi yako, ukurasa wa 41, ina jedwali la kuchanganya beto: gunia moja la simenti, bruweti moja ya mchanga, bruweti mbili za changarawe. Mimi nilisukuma bruweti kutoka sokoni mpaka darasani, moja ya hizi za siku hizi zenye tumbo kubwa, nikaijaza maji mbele ya wote. Kwa hesabu yako inameza ndoo sita za lita kumi. Zikaingia tisa. Nikasema, "Tata Profesa, jedwali hili ni la bruweti za zamani za kampuni ya migodi. Mtu akitumia hizi za leo, mchanga na changarawe vitazidi, beto itakosa simenti."

Unakumbuka ulichojibu? Mimi nakumbuka mpaka namna ulivyovua miwani. Ulisema, "Kule kwenu ku Kasai, banapimaka simenti na kijiko?"

Promosyo nzima, darasa lote la mwaka ule, ilicheka. Kuna mmoja alipiga meza kwa ngumi akicheka. Tata, baba yangu alizaliwa Kolwezi. Babu yangu aliletwa kuchimba shaba ya hapa, na amezikwa hapa. Lakini siku ile ulinirudisha Kasai nisikowahi kufika, nimesimama na ndoo mkononi, viatu vimelowa.

Kisha ukanipa sita juu ya ishirini. Kwa hiyo sita niliacha masomo. Kazi nilijifunza kwa kushika mwiko, na mpaka leo sina ruhusa ya kutia saini mchoro wangu mwenyewe. Anautia saini kijana mwenye diploma ambaye hajui kupanga tofali.

Ile kazi ya vitendo niliwashia mbabula, jiko letu la makaa, tukapikia ugali wetu wa bukari. Haikufaa kwa kingine.

Kanku Kankolongo


Kolwezi, tarehe 17 Machi 2024

Binti yangu Kanku,

Una haki ya kuandika ulivyoandika. Niliyoyasema siku ile yalikuwa mabaya. Mwalimu huchoka, darasa lina watu mia na arobaini, joto, kelele, na neno linatoka kabla halijapimwa. Lakini halikupaswa kutoka. Naomba unisamehe.

Na juu ya jedwali, ulikuwa sawa. Nakiri. Nimelijua jambo hilo mwaka jana tu, pale Stany aliponiambia wanafunzi wake wamepima wakapata kama wewe. Nilipoandika silabusi, bruweti zote Kolwezi zilikuwa za aina moja, zenye kina kifupi. Bruweti zilibadilika, mimi nikazeeka, hakuna aliyenishtua ila wewe, nami sikusikia. Huo ndio ukweli wenyewe. Ni bahati mbaya, si ubaya.

Nimemwomba Stany aandae karatasi ndogo ya masahihisho. Nataka jina lako liwekwe juu yake.

Profesa Barnabé Kabemba


Tenke, tarehe 25 Machi 2024

Tata Profesa,

Usiniite binti yako. Unaye Rachelle.

Lakini nitasema kweli: niliposoma "ulikuwa sawa", niliingia ndani nikafunga mlango nikakaa juu ya magunia. Miaka kumi na moja. Mafundi wakadhani nimefiwa. Kabemba mmoja, mzee wa kupinda vyuma, wala si ndugu yako, akasema nyuma ya mlango, "Mama Shefu, kama ni mwanamume, mutuonyeshe nyumba yake tu." Nikacheka mwenyewe.

Karatasi ya masahihisho iende. Jina langu weka au acha.

Na kwa kuwa unaumwa, nakuambia hili ili usijibebeshe yasiyo yako. Najua utakuwa unawaza majengo ya watu uliowafundisha. Mengi yalisimamiwa na wazee wenye macho. Waliongeza simenti wenyewe walipoiona beto imepauka. Na ile zahanati ya njia ya Mutoshi, dala, ile sakafu ya beto iliyobeba tangi la maji, ikamwangukia fundi Beya akafa, hiyo si yako. Glodi Mbuyu ndiye aliyekuwa shefu wa kazi, na aliiba simenti. Tulisoma darasa moja, nilimjua. Wewe mwenyewe ulisimama tribinali mwaka 2017 ukasema hivyo. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Pamoja na hasira yangu yote kwako, siku ile nilijiambia: mzee huyu angalau mbele ya jaji anasema kweli.

Pona, kama inawezekana.

Kanku


Kolwezi, tarehe 21 Aprili 2024

Mama Kanku,

Gracien amepita mara tatu kuuliza kama kuna jibu, nami nikamwambia bado. Barua yako ya kwanza niliweza kuisoma. Hii uliyonisifu ndiyo iliyonishinda.

Nilikudanganya. Sikujua mwaka jana. Nilijua kesho yake.

Asubuhi baada ya darasa lile, jirani yangu alikuwa anajengesha ukuta. Nilimwomba fundi wake bruweti, nikamimina maji mwenyewe, ndoo kwa ndoo, nimevaa tai ya kwenda kazini. Ndoo tisa na kikombe. Fundi akaniuliza, "Profesa, munaosha bruweti?" Nikasema ndiyo, naosha.

Nilikuwa na wiki mbili kabla ya kutoa alama. Ningesimama mbele yenu nikasema, Kanku amepima vizuri, futeni ukurasa wa 41. Ni dakika moja. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwachekesha watu juu yako, na sasa wangenicheka mimi. Nikaandika sita. Nitaandika na hili pia, maana sitaandika mengi tena: kama ungekuwa mvulana mwenye jina la huku, labda ningesema. Naogopa kwamba ningesema.

Sasa Glodi.

Glodi hakuiba kitu. Alikuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wote niliowahi kufundisha. Alienda zahanati ile na silabusi, akanunua bruweti sokoni, akafuata jedwali langu neno kwa neno. Simenti ikabaki, kama ilivyopaswa kubaki kwa hesabu mbovu, naye akadhani ni matunda ya usimamizi mzuri. Akaijengea zahanati ukuta wa uzio ambao hawakuwa wameuomba. Ukuta ule ulikuwepo, kila mtu aliuona. Mwendesha mashtaka akasema umejengwa ili kufunika wizi.

Jaji aliniita kama mtaalamu. Karatasi ya maabara ilionyesha beto dhaifu sana. Akauliza, "Mtu akifuata kitabu hiki, anaweza kupata beto ya namna hii?" Glodi alikuwa upande wa pili, amekonda, kitabu changu kwapani. Akasema bila kuulizwa, "Tata Profesa, nilifuata ukurasa wa 41, mubaambie." Hakuna aliyeuliza juu ya bruweti. Nami nilikuwa na ndoo tisa na kikombe kichwani mwangu.

Nikasema, "Haiwezekani. Simenti iliondolewa."

Maneno matatu. Wakampa miaka minne. Na familia ya Beya wakaenda nyumbani wakiamini ndugu yao aliuawa na mwizi.

Kazi yako ya 2013 niliitaka kwa sababu ina tarehe. Ingeonyesha kwamba niliambiwa mapema. Yote niliyokuandikia hapa nimeyaandika pia kwenye karatasi nyingine, nimeifunga ndani ya bahasha, naituma pamoja na barua hii. Ifungue nikishazikwa, uipeleke tribinali. Nimekuchagua wewe kwa sababu najua hutanionea huruma.

Barnabé Kabemba


Tenke, tarehe 27 Aprili 2024

Tata Barnabé,

Bahasha yako nairudisha kama ilivyokuja, haijafunguliwa.

Unataka kufa kwanza, kisha mimi nitembee na aibu yako mlango kwa mlango. Hapana. Maiti haiulizwi maswali. Wakili yeyote atasema mzee alichanganywa na dawa, na mama huyu wa Tenke ana kinyongo cha alama.

Lakini kabla sijakuambia la kufanya, na mimi niseme langu. Mwaka 2021 Glodi alipotoka gerezani alikuja hapa kwangu. Alifika na treni, ana mfuko mmoja. Akasema, "Dada Kanku, hata kubeba maji nitabeba." Mafundi wangu walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia, "Kwangu simenti inahesabiwa." Wakacheka. Na yeye akacheka, ili aweze kuondoka vizuri. Ndiye aliyepiga meza siku ya ndoo, nami nilifurahi kumrudishia.

Jedwali lilikuwa bovu, Tata, na katika mji mzima aliyejua, ukiacha wewe, nilikuwa mimi. Nilimsikia kwa masikio yangu tribinali akisema "ukurasa wa 41". Nilipaswa kusimama pale mlangoni nikapiga kelele. Nilinyamaza, kwa sababu Profesa amesema aliiba. Unaona? Ulinifukuza darasani nikabaki mwanafunzi wako. Na somo la kuchekesha watu juu ya mtu aliye peke yake, hilo nililifaulu bila kurudia mtihani.

Kwa hiyo utakwenda ukiwa hai. Kwanza darasani kwa Stany, wala si kwa karatasi ndogo ya masahihisho. Vijana wale wanaingia kazini Julai. Kisha kwa karani wa tribinali, useme na utie saini. Kisha kwa Glodi mwenyewe. Yuko Mutoshi, anaosha mawe ya shaba.

Sitakuja kukushika mkono. Nikiwepo utanitazama mimi, usiwatazame wao.

Kanku


Kolwezi, tarehe 19 Mei 2024

Mama Kanku,

Nimefanya mawili na nusu.

Jumanne Stany na wanafunzi wawili walinipandisha ngazi za taasisi juu ya kiti cha plastiki. Kijana mmoja akanifananisha na mfalme wa Walunda anavyobebwa katika mji wake, akasema kwa sauti, "Musumba imetufikia, Mwant Yav huyo anabebwa!" Wote wakacheka, nami nikacheka, na nilitamani kicheko kile kisiishe.

Nikawaambia. Nilianza na bruweti, nikasema jina lako lote, nikarudia lile neno la kijiko kama nilivyolisema, ingawa nilijikuta nataka kulipunguza makali. Halafu zahanati, Beya, Glodi, na maneno matatu. Binti mmoja aitwaye Gloire akainua mkono. "Tata Profesa, tangu mulijua mpaka leo, sisi tuko promosyo ya ngapi?" Nikahesabu. Nikasema, ya kumi na moja. Akauliza tena, "Na bale kumi bengine, nani ataenda kubaambia?" Stany akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe ameufundisha ukurasa ule miaka sita, na kwamba kosa lile aliliona mwaka jana akangoja ruhusa yangu. Ndivyo nilivyomlea. Sasa wameanza kutafuta majina na majengo. Wamegawana mitaa.

Karani wa tribinali aliandika kurasa tatu. Saini yangu haikusomeka, nikatia na kidole gumba. Amesema faili itafunguliwa tena, lakini itachukua muda, akanitazama miguu.

Rachelle amejua. Alisema, "Papa, batoto bangu batabeba jina gani?" Tangu hapo ananiletea chakula, anakaa mpaka nimalize, kisha anaondoka na sahani bila kunitazama.

Nusu ni hii. Stany alinipeleka Mutoshi kwa gari lake. Nilimwona Glodi kwa mbali, ndani ya maji hadi magoti, anatikisa chekeche. Amepata mvi. Nikampa Stany barua ampelekee, nikabaki garini. Nilimwambia ni miguu. Haikuwa miguu.

Barnabé Kabemba


Mutoshi, tarehe 2 Juni 2024

Kwa Tata Profesa Kabemba,

Stany alinipa barua yako. Nilikuona ndani ya gari. Uliinamisha kichwa ukadhani sijakutambua.

Nimeisoma. Niliwasomea na wenzangu tunaoosha mawe pamoja, kwa sababu hapa wananiita Shefu Simenti, na kila mtu anajua jina limetoka wapi. Walisikiliza mpaka mwisho. Mmoja akaniuliza kama sasa waniite Glodi. Nikasema ndiyo, jina langu ni hilo.

Tribinali wamenipa karatasi ya kuja Septemba. Kwa familia ya Beya nimekwenda na nakala ya barua yako. Kaka yake mkubwa aliisoma mpaka mwisho, akanipa kiti.

Dada Kanku alikuja pia. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Inuka, Dada, kitenge hicho utakifua na nini?" Ananipa kazi ya kusimamia. Nimesema nitafikiri. Mikono imesahau, na kichwa kinaogopa.

Kusamehe, usingoje neno hilo kwangu sasa. Kama litakuja litakuja, na labda hutakuwepo. Sikuandikii kwa ajili hiyo.

Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu. Mama Mado alikuja gerezani mara moja, mwaka 2017. Akaniuliza, "Glodi, uliiba?" Nikasema hapana. Akasema, "Lakini Profesa alisema." Hakurudi tena. Alikufa mwaka uliofuata, nilikuwa ndani, sikumzika.

Wewe uliniandikia mimi, na mimi nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba sikuiba. Asiyejua ni yeye. Mumuandikie yeye. Nitakwenda kaburini nimsomee kwa sauti. Musiweke mambo ya jedwali wala bruweti, hakusoma shule. Na isiwe ndefu.

Glodi Mbuyu


Kolwezi, tarehe 8 Juni 2024

Kwa Mama Mado, mama yake Glodi

Mama Mado,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni yule mwalimu aliyesimama tribinali akasema mtoto wako ameiba. Jina langu ni Barnabé. Naandika nimelala, anayeandika ni binti yangu Rachelle, nami namwambia maneno. Nilimwambia anaweza kukataa. Amekaa.

Glodi hakuiba. Nilimfundisha kazi vibaya, naye akafanya kama nilivyomfundisha. Mtu akafa. Waliponiuliza kosa ni la nani, nilijua ni langu, nikasema ni lake. Niliona aibu ya siku moja, nikampa yeye miaka minne, na nikakupa wewe mwaka wako wa mwisho bila mtoto.

Uliniamini kuliko yeye. Usijione mama mbaya kwa hilo. Nilikuwa nimevaa vizuri na nilisema polepole. Jaji mwenyewe aliniamini.

Glodi yuko hapo mbele yako, ndiye anayekusomea. Ulimuuliza mara moja, akakujibu hapana. Hukuwa na sababu ya kuuliza mtu mwingine.

Barnabé Kabemba